Nati ya Sproketi ya Mbele Iliyoganda: Namna ya Kuifungua Bila Kuharibu Shafti ya Gia

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wamiliki na mafundi wa pikipiki za zamani waliokwama katika kazi moja, yaani nati kubwa inayoshika sproketi ya mbele (gurudumu dogo la meno linalovuta cheni) imekataa kufunguka. Hapa Dodoma na wilaya za jirani pikipiki hizo bado ni nyingi. Ni zile ndefu za barabara mbovu zilizotumiwa na miradi na maafisa ugani, zikauzwa mnadani, na sasa zinabeba magunia na watu katika vijiji vya Mpwapwa, Kondoa na Bahi.

Wanaoshindwa hushindwa kwa mfuatano uleule. Cheni hutolewa kwanza, spana inavalishwa, sproketi inazunguka pamoja na nati, kisha mtu anachomeka chuma kati ya sproketi na injini ili isizunguke. Hapo ama nyumba ya injini inapasuka, ama spana inateleza na kona za nati zinalika. Baada ya hapo inaletwa nyundo kubwa.

Kabla ya kushika kifaa chochote, elewa thamani ya kila kilicho mbele yako. Nati na washa yake (bamba la duara linalokaa chini ya nati) ni vitu vya kutupwa, na hata sproketi hubadilishwa kila inapochakaa. Shafti ya gia, yaani mhimili unaotoka ndani ya injini na kubeba sproketi, ndiyo isiyoguswa, kwa sababu thredi zake (mifuo inayoshika nati) zikiharibika au ikipinda, injini yote itapasuliwa vipande viwili ili shafti itolewe. Kila hatua iliyoelezwa hapa imepangwa kwa kufuata thamani hiyo, na ndiyo maana njia za upole zinatangulia.

## Vifaa vya kuandaa

Usianze kazi ukiwa na nusu ya vifaa, kwa kuwa kifaa kisichofaa ndicho kinachogeuza nati ngumu kuwa nati iliyoharibika.

- Soketi yenye kona 6 za ndani, ya kipimo kamili cha nati. Nati nyingi za aina hii ni za milimita 27, 30 au 32. Soketi ya kona 12 hushika nati kwenye ncha za kona tu, na nati iliyoshika kutu huliwa kona hizo kwa urahisi.
- Mpini imara wa soketi usio na racheti, pamoja na bomba la chuma la kurefusha mpini. Racheti za bei ndogo huvunjika meno ya ndani chini ya mzigo huu, na mkono wako ndio unaogonga injini.
- Tindo nyembamba, bisibisi bapa pana ambayo huihurumii, na nyundo ya nusu kilo hadi kilo moja.
- Brashi ya waya, mafuta ya taa au dizeli ya kuoshea, na vitambaa.
- Mafuta ya kulegeza kutu ya kopo. Usipoyapata, changanya asetoni na oili ya gia za otomatiki kwa kiasi sawa na utikise kila unapotumia, kwa sababu hujitenga. Dizeli peke yake hupenya pia, ila polepole sana.
- Washa mpya na nati mpya, vikiwa mkononi kabla hujaanza.
- Msaidizi mzito wa mwili anayesikiliza maelekezo.
- Kwa hatua za mwisho, kama zitafika: tochi ndogo ya gesi, drili na ndoo ya mchanga au kizima moto.

Miwani ya kukinga macho si ya hiari, kwa kuwa tindo ikigonga chuma kilichoshika kutu hurusha vipande.

## Hatua ya 1: Tambua aina ya kifungo

Toa kava la sproketi upande wa kushoto wa injini uone kinachoishika. Ukikuta bamba dogo lililofungwa kwa bolti mbili zenye kichwa cha milimita 10, kama ilivyo kwenye Honda CG125 na pikipiki nyingi za Kichina zilizoiga injini yake, kazi yako ni ndogo. Fungua bolti hizo, zungusha bamba kidogo mpaka meno yake yaingiane na mifereji ya shafti, kisha livute nje. Bolti ikigoma, ilowanishe mafuta na uigonge kichwani mara kadhaa, wala usiifungie bomba, kwa sababu bolti nyembamba namna hiyo hukatika kabla hujahisi lolote mkononi.

Ukikuta nati moja kubwa katikati, endelea kusoma. Karibu pikipiki zote za Kijapani na za Kihindi hufunguliwa kwa kuzungusha nati hiyo kinyume cha mshale wa saa. Zipo chache za zamani za Uingereza, Norton Commando ikiwa mojawapo, ambazo nati yake ina thredi za kinyume, na mtu akitumia nguvu bila kujua anazidi kuikaza. Ukiwa na shaka, safisha ncha ya shafti inayojitokeza nje ya nati na uitazame kana kwamba imesimama wima. Thredi za kawaida hupanda kutoka kushoto kwenda kulia, na za kinyume hupanda kutoka kulia kwenda kushoto.

## Hatua ya 2: Ondoa udongo wote

Vumbi jekundu la huku likichanganyika na oili ya cheni hutengeneza tabaka gumu, ambalo ukilikwangua kwa bisibisi hutoka kwa mabamba. Ndani ya tabaka hilo mara nyingi imejificha sehemu ya washa iliyokunjwa. Wengi waliodhani nati yao imeganda kwa kutu walikuwa wakipambana na washa ambayo hawakuiona.

Kwangua, osha kwa mafuta ya taa, piga brashi ya waya, kisha futa mpaka uone chuma. Fanya hivyo taratibu karibu na shafti, kwa kuwa nyuma ya sproketi kuna sili ya oili (mpira unaozuia oili kuvuja), na katika pikipiki nyingi za zamani fimbo ya klachi na waya wa swichi ya nyutro hupita hapohapo. Usielekeze maji ya presha mahali hapo, kwani husukuma mchanga chini ya mdomo wa sili.

Umefanikiwa pale unapoweza kuona pande zote sita za nati, duara lote la washa, na mstari ambapo nati inakutana na washa.

## Hatua ya 3: Fungua kufuli la nati

Nati hii haiachwi bila kufuli. Lipo la washa yenye ukingo uliokunjwa juu ya upande mmoja wa nati, na ndilo linaloonekana zaidi. Lipo pia la ukingo wa nati wenyewe uliogongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti. Aina ya tatu ni washa iliyobinuka kama sahani, ambayo haina cha kukunjua, ila huongeza mkazo.

Kwa washa iliyokunjwa, weka ncha ya tindo kati ya nati na ukingo wa washa, gonga kidogo mpaka ukingo uachane na nati, kisha malizia kwa bisibisi bapa mpaka ulale kabisa. Ukingo uliolazwa nusu hukwama kwenye mdomo wa soketi, soketi inakaa upande, na kona za nati zinaliwa. Washa hizi huwa na zaidi ya ukingo mmoja uliokunjwa, kwa hiyo zungusha gurudumu la nyuma uitazame nati pande zote.

Kwa nati iliyogongwa, inua chuma kilichoingia mfereji kwa tindo nyembamba, ukielekeza ncha nje, mbali na thredi. Usijaribu kuifungua kwanza ukitegemea kufuli lijinyooshe lenyewe, maana kile kipande kitaburuzwa juu ya thredi za shafti kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kwa kipimo cha mafanikio, soketi inapaswa kuingia hadi mwisho na kukaa sambamba na sproketi bila kuyumba.

## Hatua ya 4: Yape mafuta muda

Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu pale nati inapokutana na shafti, mbele na nyuma, kisha gonga kila upande wa nati kwa nyundo, mapigo mafupi ya kati. Mtikisiko huo ndio unaofungua njia ndogo za mafuta kupita kwenye kutu. Nyundo iende kwenye pande za nati tu. Ncha ya shafti isigongwe kabisa, kwa sababu pigo hilo linapokelewa na beringi na gia zilizo ndani.

Rudia jioni, uache usiku kucha, rudia asubuhi. Pikipiki zilizofanya kazi kwenye tambarare za Bahi zenye chumvichumvi, au zilizovuka makorongo wakati wa masika, zinastahili siku mbili. Najua mwenye pikipiki anayeitegemea kwa mkate wake haoni raha kuiacha imelala, lakini siku hizo mbili ni nafuu kuliko kupasua injini.

Ukitumia mchanganyiko wa asetoni, fahamu kwamba mvuke wake hushika moto kwa urahisi sana. Hakuna sigara wala jiko karibu, na siku hiyo hakuna tochi ya gesi.

Dalili njema ni rangi ya kahawia nyekundu inayotiririka kutoka kwenye thredi. Dalili hiyo isipoonekana, usikate tamaa, kwa kuwa thredi zilizojaa gundi ya kuzuia kulegea hazitoi kutu.

## Hatua ya 5: Shikilia gurudumu, usishikilie sproketi

Hapa ndipo kazi inaposhinda au kushindwa, na ndiyo maana nimeipa nafasi kubwa. Nguvu unayoweka kwenye mpini haiishii kwenye nati. Inapita kwenye sproketi, inavuta cheni, inavuta gurudumu, inabonyeza tairi na inachezesha shokomzoba. Kila mahali panapobonyea hupunguza ukali wa mvuto wako, na nati iliyoganda inahitaji ukali kuliko inavyohitaji nguvu ndefu inayopanda taratibu.

Cheni basi ibaki mahali pake, na gurudumu la nyuma likae chini, lisining'inie kwenye stendi kubwa. Jaza upepo wa kutosha kwenye tairi. Kama cheni imelegea kupita kiasi, ikaze ifike kipimo chake cha kawaida ili isirushe mpini. Weka pikipiki juu ya sakafu ya saruji, kwa sababu kwenye mchanga stendi itazama na tairi itateleza.

Sasa fikiria mwelekeo. Ukitazama kutoka kushoto, kufungua nati kinyume cha mshale wa saa ni kuuzungusha mnyororo wote uelekee mbele, yaani pikipiki itataka kutembea mbele. Kwa hiyo egemeza gurudumu la mbele kwenye ukuta imara au mti. Bila kufanya hivyo, pikipiki iliyo kwenye stendi ya pembeni itasogea, stendi itajikunja, na pikipiki itakuangukia wewe uliyechuchumaa kushoto kwake.

Msaidizi akae kwenye siti, uzito wake wote ukiwa nyuma, miguu miwili ikimpa uthabiti mpaka utakapomwambia. Ukisema tayari, akanyage breki ya nyuma kwa nguvu yake yote na kuishikilia bila kuipampu. Mwelekeze kwa maneno machache yaliyokubaliwa mapema: "Shika," kisha "Achia." Aliye na umri mdogo kuliko wewe atanyamaza hata mguu ukichoka, kwa hiyo muulize.

Gia nayo iwekwe, lakini iwe msaada mdogo tu wa breki. Anayetegemea gia peke yake anapeleka mapigo yote kwenye meno ya gia na klachi.

Breki za ngoma zilizochakaa hazitoshi wakati mwingine. Wapo wanaopitisha bomba la chuma katikati ya gurudumu likazuiliwa na swingamu, ule mkono wa nyuma unaoshika gurudumu. Siungi mkono njia hiyo kwa magurudumu ya spoki, kwa kuwa spoki mbili au tatu hubeba mzigo wote na kupinda. Rekebisha breki kwanza. Hiyo ni kazi ya saa moja, na ilipaswa kufanywa hata kama nati ingefunguka yenyewe.

Kama cheni imekwishatolewa au imekatika, mwombe fundi wa kuchomelea atengeneze kishikio. Chukua bapa la chuma la sentimita 60, chomelea kwenye ncha yake kipande cha cheni ya zamani ya saizi hiyohiyo chenye urefu wa kuzunguka sproketi, halafu kivalishe kikivuta upande wa mshale wa saa. Mpini wa kishikio uegemee mahali pa chuma kizito, kama vile msingi wa kikanyagio cha mguu, na kamwe usiegemee nyumba ya injini. Nyumba hiyo ni ya alumini, na alumini ya namna hiyo hupasuka ghafla bila kupinda kwanza.

## Hatua ya 6: Vuta kwa mpangilio

Valisha soketi hadi mwisho. Mpini uelekee mbele ya pikipiki, juu kidogo ya usawa wa nati, ili wewe uubonyeze chini. Mkono mmoja uwe kwenye kichwa cha soketi ukikisukuma kuelekea nati, na mwingine kwenye mwisho wa mpini. Kazi ya mkono wa kwanza hupuuzwa mara nyingi, nao ndio unaozuia soketi kupanda na kuteleza.

Hesabu inasaidia hapa. Spana ya sentimita 30 ikibonyezwa kwa nguvu ya kilo 30 inatoa kama nyutoni mita 88 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), kiasi kinachokaribiana na kile ambacho nati nyingi za namna hii hukazwa kiwandani, na nati iliyolala miaka na kutu huhitaji zaidi. Mpini wa mita moja ukibebeshwa uzito wa mtu wa kilo 70 unatoa karibu nyutoni mita 690. Nguvu hiyo inatosha kuvunja soketi hafifu au kupasua nati, kwa hiyo kurefusha bomba kupita mita moja hakuna faida ila hatari.

Mwambie msaidizi ashike. Bonyeza polepole mpaka ulegevu wote wa cheni uishe, kisha ongeza uzito kwa ghafla lakini kwa ufupi. Isipokubali, pumzika, hakikisha soketi haijasogea, rudia. Baada ya majaribio machache, geuza upande na uikaze kidogo sana, kiasi cha kuhisi tu, halafu rudi kwenye kufungua. Kutu linavunjika kwa kusogezwa pande zote mbili, ingawa kukaza huku kusiwe kwa bomba.

Nati ikikubali utasikia mlio mkavu, mmoja, kisha mpini unakuwa mwepesi. Usifurahie mapema. Tazama mstari kati ya nati na washa: ukiona uwazi mwembamba wenye chuma king'aacho, nati imesogea kweli. Usipouona, huenda ni soketi iliyoruka kona, nawe uitoe na kuikagua kabla ya kuvuta tena.

Inapoanza kutoka, usiizungushe kwa mfululizo. Nusu mzunguko nje, robo ndani, mafuta, nusu nje tena. Chembe za kutu zilizokusanyika ndani ya thredi huweza kukwamisha nati njiani na kung'oa thredi za shafti.

## Hatua ya 7: Mapigo badala ya mvuto

Kama hatua ya 6 imeshindwa, jawabu mara nyingi ni spana ya mapigo, ama ya upepo ama ya betri. Mafundi wa matairi ya malori kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida na ile ya Morogoro wanazo za upepo. Spana hii hutoa mapigo mafupi mengi, na kwa kuwa kila pigo ni fupi sana, uzito wa sproketi, cheni na gurudumu wenyewe huzuia mzunguko hata pale breki inapokuwa dhaifu.

Mweleze mwenye spana kwamba hii si nati ya lori. Aanze na nguvu ndogo, apige kwa sekunde tatu au nne, aache, apige tena. Soketi iwe nyeusi ya kazi hiyo, kwa sababu zile zenye kung'aa huweza kupasuka. Akimaliza kulegeza, asiitoe nati yote kwa mashine. Umalizie kwa mkono ili usikie kama thredi zinakwaruza.

## Hatua ya 8: Joto

Chuma kikipata joto hutanuka. Nati yenye tundu la milimita 20 ikipanda sentigredi 200 hutanuka karibu milimita 0.05 kwenye tundu hilo, kiasi kidogo kwa macho lakini kinachotosha kuvunja mshiko wa kutu. Gundi kali ya thredi nayo hulainika inapofika karibu sentigredi 250. Faida hiyo inapatikana tu kama nati imepata joto na shafti bado haijapata, kwa hiyo moto uwe mwembamba, wa haraka, na uzungushwe kwenye pande za nati pekee.

Kabla ya kuwasha, funga bomba la petroli. Kama tenki linatoka kwa urahisi, litoe na ulipeleke mbali. Futa mafuta yote ya kulegeza kutu uliyonyunyizia, na uache sehemu ikauke kabisa. Legeza kiungo cha cheni na uisogeze pembeni iwapo ni ya kisasa yenye mipira midogo, kwa kuwa mipira hiyo haivumilii moto. Ukiitoa, tumia kile kishikio cha hatua ya 5. Fanya kazi nje, penye hewa, ndoo ya mchanga ikiwa karibu.

Pasha kwa dakika moja au mbili. Tone la maji likidondoshwa kwenye nati lichemke na kutoweka mara moja. Nati isifike kuwa nyekundu, maana wekundu unamaanisha imepita sentigredi 500, na kabla ya hapo sili ya mpira iliyo nyuma itakuwa imeungua, kwani sili za kawaida huchoka zikizidi takribani sentigredi 120. Ondoa moto, valisha soketi, vuta papo hapo. Isipofunguka, iache ipoe yenyewe kabla ya kurudia, na usiimwagie maji.

Ukitumia moto, panga kununua sili mpya. Katika injini nyingi hubadilishwa kwa nje bila kupasua injini.

## Hatua ya 9: Kuikata

Nati iliyolika kona, au iliyokataa joto, ikatwe. Baadhi ya mafundi hupenda kuchomelea nati nyingine juu yake. Inafanya kazi mara nyingi, lakini matone ya moto ya kuchomelea huangukia thredi za shafti, na umeme wake ukipita kwenye beringi huziachia madoa. Mimi naona kukata ni salama zaidi kwa anayejua kuacha mahali pa kuacha.

Funika eneo la sili kwa grisi nzito na kitambaa ili vumbi la chuma lisinase hapo. Zungusha shafti mpaka upande mmoja wa nati uwe juu. Toboa tundu la milimita 3 kwenye uso wa nati, katikati ya unene wake, sambamba na shafti, halafu lipanue hadi milimita 5 au 6. Weka alama ya kina kwa utepe kwenye kidole cha drili ili usitoboe sproketi. Kama upana wa nati unaruhusu, toboa tundu la pili jirani yake. Lengo ni kuacha ukuta mwembamba wa chuma kati ya tundu na thredi, si kufikia thredi.

Sasa weka tindo kwenye ukuta wa nje wa tundu na ugonge kuelekea upande wa kufungua. Nati itapasuka au itafunguka kidogo, mkazo utaisha, na itazunguka kwa spana ya kawaida. Kwa grainda, kata mfereji mmoja ulioacha milimita moja au mbili kabla ya thredi, kisha malizia kwa tindo vilevile. Grainda ina kasi kuliko jicho, na watu wameharibu shafti nzuri kwa nusu sekunde ya ziada. Kama mkono wako hauna uzoefu wake, tumia drili.

## Kabla ya kufunga nati mpya

Tazama sproketi ya zamani kabla ya kuitoa: upande upi una shingo iliyojitokeza, na shingo hiyo inatazama ndani au nje. Ikirudishwa kinyume, cheni haitalingana na sproketi ya nyuma.

Piga brashi thredi za shafti na mifereji yake, kisha uzungushe nati mpya kwa vidole. Inapaswa kufika mwisho bila spana. Ikikwama katikati kwa sababu ya thredi iliyoumia, usiilazimishe. Karakana ya kukereza vyuma inaweza kuzisafisha thredi hizo kwa kifaa chake, na ni kazi ndogo. Kagua sili kwa kidole: oili mbichi ikiwa pale, ibadilishe sasa wakati kila kitu kimefunguliwa. Cheni na sproketi zote mbili zibadilishwe pamoja, kwa kuwa cheni iliyorefuka hula meno mapya upesi.

Weka washa mpya. Kama ni ile iliyobinuka, tumbo lake litazame nje, na mara nyingi imeandikwa upande wa nje. Paka gundi ya thredi ya nguvu ya kati, usitumie ile kali, la sivyo wewe mwenyewe utarudi kwenye hatua ya 8. Shikilia gurudumu kwa utaratibu wa hatua ya 5, safari hii gurudumu la nyuma likizuiwa lisirudi nyuma, na ukaze kwa spana ya torki (inayopima mkazo) kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Vipimo hutofautiana sana kati ya mfano na mfano, kwa hiyo usichukue cha jirani.

Kunja ukingo wa washa juu ya upande bapa wa nati, usiukunje juu ya kona. Rekebisha ulegevu wa cheni mtu akiwa amekaa kwenye siti, zungusha gurudumu mizunguko kadhaa uone kama kuna mahali inakaza, kisha rudisha kava. Baada ya kilomita 100 hivi, toa kava tena utazame vitu viwili: ukingo wa washa kama bado umebana nati, na sehemu ya chini ya sili kama ni kavu.